TUANDIKWE KAMA TULIVYOITWA

Hotuba ya Kamati ya Jumuiya katika sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Waafrika waliiadhimisha tarehe 20 Juni kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika, kabla Umoja wa Mataifa haujaifanya ya dunia nzima kuanzia mwaka 2001. Kamati imeombwa iseme neno juu ya haki za mkimbizi. Tumeona tuseme juu ya jambo moja ambalo kila nyumba inalijua: majina yetu, namna yanavyotamkwa na namna yanavyoandikwa.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata tukitoka Kivu ya Kusini, na kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Ndugu zetu Warundi waliingia kwa wingi kuanzia Aprili 2015. Walioingia na mali ni wachache. Walioingia na vyeti ni wachache pia. Lakini kila mtu aliingia na jina lake, hata mtoto wa mgongoni.

Sasa, kwa nini majina haya yanaharibika? Tuseme wazi kwamba si kwa chuki. Sababu ya kwanza ni maandishi. Sisi wa Kongo tulisoma kwa Kifaransa. Kwetu ni Djuma, ni Radjabu, ni Ramazani, ni Amisi. Karani wa Tanzania anasikia majina anayoyajua tangu utotoni, naye anaandika Juma, Rajabu, Ramadhani, Hamisi. Anadhani ametusaidia. Lakini orodha inapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mzee Amisi anatafuta kwenye herufi A, na jina lake liko kwenye H. Anarudi nyumbani akisema hakuitwa, kumbe aliitwa.

Byamungu naye anasahihishwa kuwa Vyamungu, kana kwamba wazazi wake walikosea Kiswahili. M'munga ananyang'anywa ile alama ya katikati. Na Jean akisomwa na mtu aliyesoma Kiingereza anakuwa "Jini", watu wote kwenye foleni wanacheka. Mtu mzima anavumilia. Mtoto anayeitwa hivyo shuleni kila asubuhi, tunamwona anaacha kunyoosha mkono.

Kwa Warundi mambo ni hayohayo. Mtoto anayefuata mapacha Bukuru na Butoyi huitwa Ciza. Herufi c kwa Kirundi inasomwa kama ch, na Waha, wenyeji wetu wa hapa Kigoma, wana jina hilohilo nao wanaliandika Chiza. Asiyejua anasoma Siza au Kiza. Nshimirimana, maana yake namshukuru Mungu, analikuta jina limekatwa katikati kwa sababu visanduku vya fomu vimekwisha.

Sababu ya pili ni mpangilio, na hapa ndipo penye madhara makubwa. Fomu inauliza jina la kwanza, jina la baba na jina la ukoo. Kongo tunaanza na jina letu la kiasili, linafuata la pili, na la ubatizo linakuja mwisho. Tena wazee wetu wengine hawana la ubatizo kabisa kwenye vyeti vyao, kwa sababu mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina hayo, na hali hiyo ilidumu hadi utawala wa chama kimoja ulipolegea mwaka 1990. Burundi kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba anaweza kuwa Hakizimana, mtoto mmoja Niyonkuru na mwingine Nduwimana, na wote ni wa tumbo moja. Afisa asiyejua desturi hii anauliza: "Hawa ni watoto wako kweli?" Fikirini swali hilo kwa mzazi aliyewabeba watoto hao porini usiku.

Tunaifahamu nyumba moja ambayo baba ameandikwa Djuma kwenye karatasi yake, na kwenye karatasi ya mwanawe jina la baba ni Juma. Walipokuwa wanatafuta kuungana na mama aliyekuwa amefika nchi nyingine, waliambiwa wathibitishe kwamba baba ni baba. Miezi ilipita kwa ajili ya herufi moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hizi uandikishaji hutumia pia alama za vidole na mboni za macho. Hilo ni jema. Lakini cheti cha shule hakina kidole, wala cheti cha kuzaliwa hakina jicho. Kijana akienda kuomba nafasi ya masomo, atasomwa kwa jina. Ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto ana haki ya kupewa jina tangu kuzaliwa, na kifungu cha 8 kinataka utambulisho wake, pamoja na jina, uhifadhiwe.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu waandikishaji, walimu na wauguzi mambo matatu. Muulizeni mtu jina lake linaandikwaje, wala msimsahihishe. Kama ana karatasi ya zamani, nakilini kutoka kwenye karatasi hiyo. Na kabla hajaondoka mezani, msomeeni mlichoandika. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa upande wetu wakimbizi, tuache aibu mbele ya meza. Tutaje herufi moja moja, polepole. Asiyejua kusoma aende na mtu anayejua. Kila nyumba ikubaliane maandishi ya aina moja kwa majina yote, tangu zahanati mtoto anapozaliwa hadi shuleni. Makosa yakionekana tuyapeleke mapema, tusingoje siku ya mahojiano. Na wakalimani, mnaoligeuza Lu kuwa Ru kwa sababu ya ulimi wenu, mwulizeni mwenye jina kwanza.

Mwisho, ndugu zetu, tusichekane. Jina la mwenzako likikushinda, mwombe arudie. Bibi aliyempa mjukuu wake jina la babu aliyebaki kaburini kule Fizi hakumpa sauti tupu. Jina hilo ndilo kaburi pekee ambalo familia hiyo inaweza kulitunza hapa, nalo lisifutwe na kalamu.