Mwaridi wa Zamani: Kuutambua na Kuupanda

Leo nataka kusema nanyi habari za mwaridi mmoja. Najua wako watakaonung'unika ya kuwa mwalimu ameacha mahindi na karanga, anatupotezea wakati kwa maua. Nawaomba mnivumilie, maana mti huu niliuua mimi mwenyewe, tena nikiwa na kitabu mkononi.

Huko Ntalikwa, katika nchi ya Tabora, palikuwa na tembe ya bibi mmoja mzee, na karibu na mlango wake mwaridi uliopita kimo cha mtu. Maua yake yalikuwa mekundu hafifu, na watu wote walisema ya kwamba uliletwa na Waarabu zamani za misafara. Nami nilisadiki, kwa sababu ni habari tamu, na habari tamu haiulizwi maswali mengi.

Lakini hebu tuulize. Ni kweli Waarabu wana mwaridi wenye sifa kubwa. Hata neno letu waridi limetoka kwao. Katika Jebel Akhdar, nchi ya Omani, mahali palipoinuka kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, watu huchuma mawaridi alfajiri, wakayatia katika vyungu juu ya moto na kukinga mvuke wake, wakapata marashi. Walakini mwaridi ule huchanua mara moja tu kwa mwaka, baada ya baridi ya mlimani kwisha, yapata Machi hata Mei. Mwaridi wa bibi ulichanua kila mwezi uliopata maji. Tena fikirini safari yenyewe. Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, alihesabu siku 134 tangu kuondoka pwani. Ni mpagazi gani atakayechukua mche mbichi siku zote hizo, na maji ya kunywa watu ni haba? Sisemi haiwezekani. Lakini gari la moshi lilifika Tabora mwaka 1912, na mimi nadhani mwaridi huu ulipanda gari.

Basi ulikuwa mwaridi wa namna gani? Nilikaa na bibi kibarazani siku nyingi nikiutazama. Machipukizi yake yalikuwa mekundu kama shaba, kisha yakageuka kijani. Majani yake laini, yenye kung'aa. Miiba si mingi. Ua likifunuka, shingo yake haina nguvu, nalo huinama kama mtoto anayeona haya mbele ya wageni. Na harufu yake si ile ya marashi. Ni kama harufu unapofungua kasha la majani ya chai makavu. Kwa ajili ya harufu hiyo mawaridi haya huitwa mawaridi ya chai. Asili yake ni Uchina. Mmoja ulifika Uingereza karibu na mwaka 1810, na mwingine wa manjano mwaka 1824, kisha wakulima wa Ufaransa wakazalisha aina nyingi sana. Hayapendi theluji, na kwa hiyo huko kaskazini hupandwa ndani ya nyumba za vioo. Bali katika nchi ya joto hukua mpaka yakapita paa. Mawaridi ya siku hizi yanayouzwa mjini ni wajukuu wake, na kwa kawaida utawajua kwa shingo: ua lao husimama wima kama askari.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Nilipata orodha ya mawaridi yenye picha, nikaona moja lililofanana, jina lake Duchesse de Brabant, la mwaka 1857. Nikaandika jina hilo katika kibao, nikakitundika mtini, na wanafunzi wangu wakalikariri. Ulipofika Juni na baridi yake, maua yakatoka yenye rangi nzito zaidi, na majani ya ua yakajikunja nje, ncha zake zikachongoka. Na sifa ya Duchesse ni kwamba ua lake hukaa limeviringana kama kikombe. Ikanipasa kurudi darasani na kusema, "Nimewafundisha uongo." Ua moja la siku moja si ushahidi, rangi hubadilika kwa jua na baridi, na aliyeona mwaka mzima ndiye aliyeona. Katika kisiwa cha Bermuda, ambako mawaridi ya chai ni mengi, chama cha wapenda mawaridi kilianzishwa mwaka 1954, na mti wakiukuta hauna jina hawaubunii; huupa jina la mahali ulipopatikana au la mwenye nyumba, hata ujulikane. Nami nikafuta kibao, nikaandika: Ntalikwa, mlangoni kwa bibi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kitabu changu, kilichoandikwa kwa nchi ya baridi, kilisema mwaridi ukatwe mpaka ubaki shubiri moja au mbili kutoka ardhini. Bibi alisema, "Mwalimu, mti huu haujakatwa kamwe." Nikamjibu kwa heshima, lakini nikakata, na ilikuwa mwezi wa Septemba, jua kali, mvua bado. Mwaridi wa chai huweka akiba yake katika shina na matawi ya zamani. Ukiyaondoa umeondoa ghala. Ulichipua kidogo, ukasinyaa, na mchwa wakamaliza kazi. Mti wa namna hii uondolee matawi makavu tu, basi.

Bibi hakunigombeza. Ningalipenda anigombeze.

Sasa, mwaka ule uliotangulia, mwanafunzi mmoja alikuwa ameokota vijiti nilivyovitupa, akavichomeka katika debe bovu nyuma ya bweni, nami nikamkemea kwa kuchafua mahali. Vitatu vilishika. Nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwuliza alivyofanya. Alichagua tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa kalamu, akalikata vipande vya shubiri chini kidogo ya jicho. Akaacha majani mawili juu. Akavifukia nusu yake katika mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, mvua za Novemba zilipoanza, kivulini, debe likiwa limetobolewa chini na kuinuliwa juu ya mawe ili mchwa wasipande. Majuma nane hakuvuta hata kimoja kuangalia mizizi, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa.

Mmoja tuliupanda chuoni, wa pili aliuchukua kwao. Wa tatu nilimpelekea bibi mwenyewe, nikachimba shimo la dhiraa moja, nikatia samadi iliyooza na majivu. Alinitazama mpaka nimemaliza, kisha akaniomba kisu changu, akakitia ndani ya kanga yake, wala hajanirudishia.