Msizime, Nami Niangalie

(Muuguzi mmoja anayetoa ushauri nasaha kwa vijana alialikwa na klabu ya afya ya shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, aje azungumze juu ya picha za mapenzi. Haya ndiyo aliyoyasema. Tumeyapunguza kidogo tu, mengine tumeyaacha kama yalivyotoka kinywani mwake.)

Kaeni. Na nyie wa nyuma kule sogeeni mbele, maana leo sina kipaza sauti, na habari yenyewe si ya kupigiana kelele.

Mwalimu mlezi wa klabu yenu aliponialika aliniambia nije niseme juu ya athari za picha chafu kwa vijana. Nikamwambia nitakuja, ila hotuba ile ya usiangalie, usiguse, usifikiri, mimi siiwezi. Mmeshaisikia tangu darasa la tano. Mimi nitawasimulia jioni moja nyumbani kwangu, halafu mtaniuliza maswali.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilikuwa nakaa na watoto wawili wa kaka yangu: binti wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha sita, na mdogo wake wa kiume, kidato cha pili. Siku hiyo natoka zamu, nafika getini nasikia vicheko mpaka barabarani. Nafungua mlango, kimya! Mmoja kadaka rimoti, mwenziwe kasimama mbele ya televisheni kama kipa anayengoja penalti. (Kicheko.) Nikavua viatu, nikakaa kwenye kochi, nikasema, "Msizime, nami niangalie."

Yule mdogo nilimtuma jikoni akaangalie maharage. Picha ile ni ya watu wazima. Huko kwao Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini mpaka awe na mzazi au mlezi. Maharage hayakuungua, kwa kweli aliyaangalia vizuri, ila alirudi sebuleni mara tatu kutafuta chumvi. (Kicheko.) Na hapa tuelewane, sikuja kuwaambia mkaitafute. Lakini nikiangalia sura zenu naona wapo walioshaiona.

Picha yenyewe ni Fifty Shades of Black, ya mwaka 2016. Steringi ni Marlon Wayans, yule wa Scary Movie. Ni picha ya kuidhihaki picha nyingine, Fifty Shades of Grey, iliyotoka Februari 2015, siku zile zile za Wapendanao. Hiyo ya kwanza ilitokana na kitabu cha mwanamke Mwingereza, E. L. James, kilichotoka mwaka 2011, na pamoja na vitabu vilivyokifuata kikauzwa nakala zaidi ya milioni 100. Sinema yake iliingiza zaidi ya dola milioni 500. Majirani zetu Kenya, bodi yao ya filamu iliipiga marufuku mwaka ule ule wa 2015. Ile ya dhihaka ilitengenezwa kwa dola milioni 5 hivi, fedha ya vocha ukilinganisha na wenzao.

Sasa binti yangu yule hakuwahi kuiona picha ya kwanza. Alianza na dhihaka. Ndivyo ilivyo kwa wengi, mtu anamcheka bwana harusi kabla hajaalikwa harusini. Mimi ile ya kwanza nilikuwa nimeshaiona. Msiniulize wapi.

Kwa wasioijua, hadithi ni hivi. Msichana mwanafunzi wa chuo anakwenda kumhoji kijana tajiri, mwenye kampuni yake katika jiji la Seattle. Alipaswa kwenda rafiki yake anayekaa naye chumba kimoja, ila anaumwa. Kijana ni mzuri, mpole kwa maneno, ana helikopta. Wanapendana. Halafu inakuja siri: bwana huyu hataki mapenzi ya kawaida. Anataka msichana atie sahihi mkataba wa kumtii, na ana chumba maalumu chenye kamba na mijeledi. Basi, hapo ndipo dunia nzima ilipokwenda kununua tiketi.

Hebu niwaulize. Nani humu ana mtani? Mzaramo yupo? Mnyamwezi yupo? Haya, nyie mnajua. Mtu akifa, ndugu wanalia, shehe au padri anasema marehemu alikuwa mtu mwema. Halafu anaingia mtani. Kavaa kofia ya marehemu, kashika fimbo yake, anatembea kama yeye. Anasema, "Nani atanilipa deni langu la pombe?" Watu wanacheka na machozi yapo mashavuni. Wenye msiba hawakasiriki, na wakikasirika shauri yao, mila inamruhusu. Mtani anasema lile ambalo watu wote pale wanalijua na hakuna mwenye ubavu wa kulitamka.

Picha ya dhihaka ni mtani wa picha ya mapenzi. Inavaa kofia ya mwenzake na kuiga mwendo wake. Mahojiano yapo, mkataba upo, chumba kipo. Kilichoondoka ni ile hali ya kuheshimika. Christian wa picha ya kwanza ni mtanashati anayejua kila kitu. Christian wa dhihaka ni mtu wa hovyo tu, hajui lolote. Kuna mahali msichana kafungwa, tunangoja mateso yenyewe, na jamaa anachukua kitabu kile kile cha E. L. James na kuanza kumsomea. Hayo ndiyo mateso. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na binti naye hoi.

Ila jamaa alipomzukia msichana kazini kwake, binti aliacha kucheka. Akaniuliza, "Shangazi, huyu kajuaje kama anafanya kazi pale?"

Nikachukua rimoti, nikasimamisha picha. Nikamwambia, ngoja nikueleze ile ya kwanza ilivyokuwa, na wewe uniambie. Msichana anafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Hajamwambia bwana yule, na bwana anatokea dukani, ananunua kamba na gundi ya karatasi, anatabasamu. Siku nyingine msichana kalewa baa na marafiki, anampigia simu, hamwambii yuko wapi. Bwana anaifuatilia simu mpaka anafika. Anamnunulia gari jipya, na lile kuukuu alilolipenda mwenyewe linauzwa bila kuulizwa. Msichana anasafiri kwenda kwa mama yake, mbali, apate kufikiri. Bwana anapanda ndege anamfuata huko huko, hajaalikwa.

Binti akasema, "Mbona hiyo ni ya kutisha?"

Sikiliza sasa. Nilipoiangalia ile ya kwanza, mimi mtu mzima, nesi, mambo yote haya yalipita mbele ya macho yangu na sikutishika. Muziki mzuri, nyumba ya vioo, kijana ananukia hata kwenye kioo cha televisheni. Nikasema moyoni, anampenda huyu. Alipokuja mtani, kavaa kofia ile ile, ndipo nikaona kumbe mtu yule anamwinda mwenzake. Ukimwondolea helikopta na muziki anabaki mwanamume anayemfuatafuata msichana. Kama angekuwa muuza mitumba wa hapa stendi, baba zenu wangekuwa wameshakwenda polisi.

Nisiionee ile picha. Kuna kitu kimoja inacho ambacho picha zetu nyingi za mapenzi hazina, iwe ya Kihindi, ya Kinaijeria au ya Bongo. Wale wawili wanakaa mezani na kuulizana: hiki unakitaka, hiki hukitaki. Msichana anafuta vifungu asivyovitaka kwenye karatasi. Na mwishoni, baada ya kupigwa mkanda mara sita, anaona basi, anaondoka, mlango wa lifti unajifunga. Kuulizana ni jambo jema, na ningependa mlione kwenye kila picha. Lakini ridhaa ya mezani inapimwa na nani amekaa ng'ambo ya meza. Huyu ana kampuni na mawakili, yule ana mtihani wa mwisho na kigari kibovu. Na kila akisema ngoja nifikiri, linakuja zawadi jingine. Ukishapokea gari ni vigumu kusema hapana. Wasichana wangu, si lazima liwe gari. Inaweza kuwa simu, au chipsi kuku, au lifti ya pikipiki kila jioni wakati wa mvua.

Na wavulana mnaojifanya haiwahusu? (Kicheko.) Nimewaona mlivyocheka niliposema Christian wa dhihaka hajui lolote. Mimi nawapokea wenzenu kliniki. Anakuja kijana, anafunga mlango, anaangalia sakafu. Anadhani ni mgonjwa kwa sababu mwili wake haufanyi kama wa kwenye picha. Yupo aliyekunywa dawa za nguvu alizouziwa mtaani, moyo ukamwenda mbio usiku kucha, akadhani anakufa. Dawa zile nyingine zimechanganywa dawa ya hospitali bila kuandikwa, na kwa mwenye tatizo la moyo ni hatari kabisa. Picha ya kwanza ilimwambia mwanamume anayejua kila kitu ndiye mwanamume. Ya dhihaka ikamwambia asiyejua achekwe. Zote mbili zimemwacha mlangoni kwangu, kichwa chini. Yale mnayoyaona yanapigwa picha vipande vipande, kwa siku kadhaa, chumba kimejaa watu wa taa na kamera, halafu mtu anakaa na kuunganisha. Asiyejua hana ugonjwa, ni mtu ambaye bado hajafundishwa, na ni afadhali aje kuniuliza mimi kuliko kumwuliza muuza dawa.

Kwa hiyo msidhani namsifu mtani tu. Picha ile ina utani mwingi wa kudhalilisha miili ya watu, na inacheka maumivu mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Mimi nimewafunga vidonda wanawake waliopigwa mkanda. Kwenye msiba mtani akizidisha wazee humkalisha chini, na kwenye televisheni hakuna mzee. Mzee ni wewe mwenyewe. Ukiona umecheka, jiulize umemcheka nani, aliyepiga au aliyepigwa.

Sasa nimalizie ya yule binti, maana naona mwalimu anaangalia saa.

Tulikaa kimya kidogo. Akachukua simu yake mezani, akaigeuzageuza. Akasema, "Shangazi, na mtu akitaka nimwashie hii ya kuonyesha niko wapi, muda wote?" Nikamwuliza mtu gani. Ndipo nikajua. Yupo kijana wa miaka 27, ana duka la vifaa vya simu. Simu ile kampa yeye. Namba ya siri anaijua, na meseji anasoma. Binti akiwa kwaya, simu inaita: mbona umechelewa kutoka? Siku moja alimkuta nje ya nyumba anakosoma kompyuta, na hakuwa amemwelekeza. Na marafiki zake wote wanamwambia, una bahati wewe, unapendwa.

Alikuwa hajamwambia mtu miezi mitano. Si kwamba alificha. Hakujua kama kuna la kusema, maana hajapigwa wala kutukanwa. Aliliona lilivyo pale alipoliona kwa mtu mwingine, tena anachekesha.

Sikumgombeza. Ningemgombeza ningemfukuza kurudi kule kule. Tulizima ile ya kuonyesha alipo, tukabadilisha namba za siri zote, tena tukiwa wawili. Nikamwambia asiende kumwaga mtu wa namna hiyo peke yake, wala nyumbani kwake, wala jioni. Nikamwandikia kwenye karatasi lilipo dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Na nyie wenye umri chini ya miaka 18 andikeni hii: 116. Ni namba ya simu ya msaada kwa mtoto, haitozwi, unapiga hata kama huna salio.

Tuliimalizia picha yenyewe. Maharage yalikuwa yameshaiva, na mdogo wake akatuuliza mbona hatucheki tena.

Kesho yake binti aliiweka ile simu kwenye boksi lake, pamoja na chaja, akampa bodaboda tunayemfahamu aipeleke dukani. Mimi nikamwazima simu yangu ya zamani ya vitufe. Yule bwana aliipata namba, sijui kwa nani. Siku ile alipiga mara saba. Mara ya nane nilipokea mimi.

Haya, maswali. Anza wewe mwenye sweta.