Halali na Tayyib: Mboga za Futari Zatoka Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wazazi wetu, kaka na dada zangu katika imani:

Tukinunua nyama sote huuliza, "Nani kachinja?" Swali zuri. Lakini tukinunua mchicha na nyanya za futari, nani huuliza, "Zimepigwa dawa lini?" Katika Sura Al-Baqara, aya ya 168, tumeamrishwa tule vilivyo halali na tayyib, yaani vizuri na safi. Mawili haya yamekuja pamoja. Sisi tumeshika la kwanza, la pili tumeliacha sokoni.

Jamani, sisemi mboga iliyopigwa dawa ni haramu. Tusiharamishe alichohalalisha Allah. Ila dawa hizi zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Anayepiga dawa leo akachuma kesho anamuuzia mwenziwe madhara. Na mara nyingi wa kwanza kuumia ni kibarua mwenyewe, anayepiga dawa bila glavu wala kitambaa puani.

Iko njia nyingine, kilimo hai. Hakitumii mbolea wala dawa za kemikali za viwandani. Udongo hulishwa kwa samadi na mboji, na mazao hubadilishwa kwa zamu. Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao haya, na alama yake ni Kilimohai. Mwenye kuitaka hukaguliwa shamba lake na huweka kumbukumbu za kazi yake. Kwa kuwa ukaguzi wa kampuni ni ghali, wakulima wadogo huweza kuungana kikundi wakakaguana wenyewe.

Hapo ndipo penye amana. Imam Muslim amepokea kisa cha Mtume (S.A.W.) kuingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta juu pakavu, ndani pamelowa, akamkemea muuzaji kwa udanganyifu. Basi anayeuza mboga za dawa kwa jina la kilimo hai ili apandishe bei, ana tofauti gani na yule?

Utaniambia, "Mimi naishi ghorofani, shamba nitoe wapi?" Chukua gunia. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, katikati panga nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini. Toboa matundu ubavuni, pandikiza sukuma wiki; juu mwaga mbegu za mchicha. Maganda ya futari yafanye mboji, maji ya udhu yakinge umwagilie. Wakija wadudu, twanga majani ya mwarubaini, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza.

Mchicha huchumwa baada ya wiki nne hivi. Ukipanda mwanzo wa Ramadhan, Idi itakukuta na fungu lako. Na tumefundishwa, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka.

Basi vijana, kila nyumba gunia moja, na fungu la kwanza liende kwa jirani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.