Kinachovutwa Nacho Husukuma

Mazungumzo ya ofisa uhusiano wa polisi mbele ya madereva, wakulima na wakazi wa Kikagate

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, viongozi wa wakimbizi mliotoka Nakivale, wageni wetu wa Murongo kutoka ng'ambo ya Kagera, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie usalama barabarani kwa jumla. Kwa idhini yenu nitajifunga kwenye jambo moja, nalo ni gari linalovuta kitu: pikapu yenye tela la matoke, trekta lenye tela la mahindi, au gari zima linalolikokota gari bovu kwa kamba. Barabara ya Mbarara hadi hapa ilipotiwa lami ilitupatia soko la karibu. Hata hivyo, lami humfichia dereva mwendo wake, na tela lililoundwa kwa njia ya shambani sasa hukimbia barabara kuu.

Wengi hudhani kwamba tela hufuata tu. Hufuata wakati wa kupanda. Wakati wa kuteremka kuja bonde la Kagera, husukuma. Pikapu ya kilo 1,500 ikivuta tela la kilo 1,500 lisilo na breki zake, breki za gari moja zinasimamisha uzito wa magari mawili. Dereva akizikanyaga ghafla kwenye kona, gari hupungua mwendo, tela haliko tayari, na vyote viwili hujikunja kama kiwiko. Kwa hiyo ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati yake, ili injini ikusaidie kuzuia mzigo. Breki zinazokanyagwa mteremko mzima hupata moto, na breki zenye moto hazishiki.

Upakiaji ndipo penye makosa mengi, na wapakiaji naomba mnisikilize. Katika tela dogo la ekseli moja, uzito ulio mkubwa zaidi ukae mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba sehemu 1 hivi kati ya 10 ya uzito wote ilale kwenye kiungio. Mikungu ikirundikwa nyuma, tela huinua kiungio na kuanza kuyumba kama mkia wa samaki. Kumbukeni pia kwamba mizani hubadilika njiani: ukishusha mikungu ya mbele Isingiro mjini, uliyobakiza nyuma inaendelea nawe hadi Mbarara. Simama, usawazishe upya.

Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani. Inua mguu kwenye mafuta, shika usukani pasipo kuuyumbisha, uache mwendo ushuke wenyewe. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha" tela ni ushauri wa vijiweni, nami siupendi hata kidogo.

Wenye matrekta: pedeli zenu mbili za breki hutenganishwa shambani ili trekta ligeuke mahali padogo. Kabla ya kuingia barabarani zifungwe pamoja. Ukikanyaga moja kwa kasi, trekta hugeuka ghafla, na aliyeketi juu ya magunia hurushwa. Tena asiwepo mtu juu ya magunia. Najua kijana wa kupakia hutaka kufika sokoni. Atafutiwe nafasi ndani ya gari au nauli yake.

Kuhusu kamba: gari ambalo injini yake haiwaki usukani wake huwa mzito na breki zake huwa ngumu, hata kama ni nzima. Gari lisilo na breki kabisa halivutwi kwa kamba. Hutumika chuma kigumu, au hupakiwa juu ya lori. Ufunguo uzungushwe ili usukani usijifunge. Kamba ifungwe kitambaa chekundu katikati, maana mwenye bodaboda anayekatiza kati ya magari mawili haioni.

Ndugu zetu waliojifunza kuendesha Kongo, Burundi au Rwanda walizoea mkono wa kulia. Hapa, kama Tanzania, tunapita kushoto. Mnapolipita gari lenye tela, hesabuni urefu wa vyote viwili, na msirudi kushoto mpaka muone gari lote kwenye kioo.

Likiharibika usiku, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, mbali na gari. Matawi na mawe tunayaona kila siku; tawi halina mwanga, na jiwe likiachwa baada ya gari kuondoka humngoja mwendesha baiskeli. Aliyeliweka aliondoe. Ajali ikitokea, piga 999 au 112, taja kijiji na upande unaoelekea gari, nanyi msiwavute majeruhi kwa mikono na miguu ila kama kuna moto au hatari nyingine ya karibu.

Sasa naomba tutoke nje. Kuna tela limeegeshwa kando ya ukumbi, na ofisa wa trafiki atawaonyesha namna ya kukagua pini ya kiungio na mnyororo wake wa usalama. Wenye matrekta mtangulie.