Ukingo Ukikungwa Vyema, Nguo Hudumu

Mazungumzo kwa vikundi vya ushonaji vya kina mama na vijana



Mteja akinunua doti ya leso hupewa vipande viwili vilivyoungana. Fundi hukata katikati, kisha hukunga. Akiifanya kazi hiyo ya dakika chache kwa haraka, leso ikifuliwa mara mbili tatu nyuzi huanza kuchomoka na pindo la maua huliwa kidogo kidogo. Mteja amepoteza leso, na fundi amepoteza mteja.

Sababu yake ni hii. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za urefu na za upana zinazoshikana. Mkasi ukipita, nyuzi za mwisho hukosa cha kuzizuia. Pande ndefu za leso hazifumuki kwa kuwa kingo zake zilikazwa kiwandani. Zinazohitaji kukungwa ni zile pande fupi zilizokatwa.

Kabla ya kukunga, fundi anyooshe ukingo kwa mkasi mkali, akifuata uzi mmoja. Akunje nusu sentimita, apige pasi, kisha akunje tena kama sentimita moja, ili ukingo uliokatwa ufichike ndani kabisa. Apige bandi, ndipo ashone kwa cherehani. Mwanzo na mwisho wa mshono arudie nyuma kidogo, kwa sababu pembeni ndipo mshono huachia kwanza. Asiye na cherehani anaweza kukunga kwa mkono, mishono ikiwa midogo na ya karibu.

Wanaodarizi vitambaa vya meza wana jambo la ziada. Kitambaa hushikwashikwa siku nyingi kabla ya kazi kuisha, na ukingo huzidi kuliwa. Ni vyema kuacha sentimita 5 za ziada kila upande, na kuuzungushia ukingo wote mishono ya mkono kabla ya ua la kwanza kutiwa sindano.

Wapo wanaochoma ukingo kwa mshumaa. Utepe wa nailoni huyeyuka ukashikana, lakini pamba haiyeyuki, huungua. Njia hiyo isitumiwe kwa leso wala vitambaa vya pamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi, ufa huo ni uzi mmoja uliochomoza.