Kabla ya Kufungua Injini, Uliza Upande Upi Umelala

Hivi karibuni jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alinijia jioni na karatasi ya fundi mkononi. Iliorodheshwa pistoni mbili, seti mbili za ringi, gasketi na ufundi. Jumla yake ilitosha ada ya mjukuu wake ya muhula mzima, na mzee alikuwa amekwisha kata shauri kuzitoa fedha hizo hizo za ada. Pikipiki yake ya Kiingereza ya miaka ya 60, yenye silinda mbili, imekosa nguvu. Inawaka na inatembea, lakini kwenye kilima cha mtaani kwetu inagoma.

Nikamwuliza: "Mzee, fundi amekwambia ni silinda ipi isiyofanya kazi?"

"Hapana mwanangu. Amesema injini imekwisha."

Ndugu wasikilizaji, pikipiki nyingi za biashara tunazozipanda mijini zina silinda moja. Hiyo ikikosa moto, injini inazima, na hakuna anayedanganyika. Injini ya silinda mbili ni kama jozi ya maksai kwenye plau. Mmoja akilala, mwenzake huendelea kuvuta, tena humvuta na huyo aliyelala. Katika injini za mtindo ule wa Kiingereza, uliopata sifa kwa Triumph Speed Twin ya mwaka 1937, kazi ya mhandisi Edward Turner, pistoni mbili hupanda na kushuka pamoja, lakini huchoma kwa zamu. Moja ikinyamaza, mlio wa kukatakata hubaki, na mwenye pikipiki hudhani injini yote imechoka.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tulipiga kiki tukaiacha iungurume kwa dakika moja. Nikadondosha matone ya maji kwenye kila bomba la moshi, karibu na injini. Kushoto maji yalichemka na kukauka papo hapo. Kulia yalitiririka kama juu ya jiwe. Mgonjwa tukamjua, na hatujatoa hata senti.

Tukafungua plagi ya kulia. Ilikuwa imelowa petroli. Ingekuwa kavu, tungeanza na kabureta, maana huenda mafuta hayafiki. Kulowa kulituelekeza kwenye umeme. Tukabadilishana plagi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Ugonjwa ukabaki kulia, basi plagi haina kosa. Tukarudia vivyo hivyo kwa kofia zinazovikwa juu ya plagi. Safari hii kulia kukaamka, kushoto kukalala. Ugonjwa ulikuwa umehama na kofia! Mzee akanunua kofia moja, na kilima akakipanda. Ada ya mjukuu ikabaki mahali pake.

Kanuni ni hiyo: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha utazame kama ugonjwa unahama nacho. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, pikipiki inaweza kupona nawe usijue dawa ilikuwa ipi.

Na kama umeme ni mzima na mafuta yanafika? Hapo pima mgandamizo wa kila silinda. Ukiwa mdogo upande mmoja, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ukipanda, ringi ndizo zimelika. Usipopanda, shuku valvu au gasketi. Sasa hata kufungua injini kuna sababu.

Nawaonya mambo mawili. Unapotazama cheche, plagi iguse chuma cha injini, mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli hulipuka. Usiishike kwa mkono mtupu. Pili, msiendelee kupanda pikipiki inayotumia silinda moja kati ya mbili. Petroli isiyochomwa huosha oili kwenye kuta za silinda, nayo ringi iliyokuwa nzima huanza kulika kweli. Maneno ya fundi wa kwanza, yasiyokuwa kweli leo, yatakuwa kweli baada ya miezi michache.

Simwiti fundi yule mwizi. Huenda alisikia mlio mbaya akakumbuka injini nyingine iliyokufa. Lakini fedha ni zako wewe unayelipa, na kuuliza si ujinga. Muulize fundi wako maswali mawili: upande upi, na umejuaje? Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kukuonyesha. Akikasirika, chukua pikipiki yako uende nyumbani, ukatafute kikombe cha maji.