Ufa wa Tangi la Maji na Jua la Nairobi: Mada kwa Mafundi wa Kibera na Kawangware



Mtu mwenye kayaki ya plastiki na mtu mwenye tangi la maji wana mali ya asili moja. Vyombo hivi viwili mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa poliethilini unaotiwa ndani ya kalibu, kisha kalibu ikazungushwa katika joto kali mpaka unga uyeyuke na kushika kuta zake. Kwa hiyo kile ambacho fundi wa kayaki anajua kuhusu ufa na jua kinatuhusu sisi ambao matangi yetu yanabeba maji ya ploti nzima. Nasema hivi: ufa wa tangi hauzibwi kwa gundi, na hata ukizibwa vizuri hautadumu tangi likiachwa juani.

Plastiki hii haishiki gundi. Hata gundi kali hukauka juu yake tu, halafu hubanduka maji yakijaa na ukuta kutanuka. Lami na rangi za mafuta tuziweke kando kabisa, kwa sababu maji haya yananywewa na watoto. Dawa ya ufa ni moto na plastiki ya aina ileile.

Kwanza mwaga maji yote, kausha tangi, kisha paka unga wa makaa juu ya ufa na ufute. Weusi utakaobaki utakuonyesha ufa unapoishia kwa kweli, na mara nyingi ni mbali kuliko jicho lilivyodhani. Toboa tundu dogo kwa drili katika kila ncha ili ufa usiendelee kukimbia. Sasa shika kisu, upanue ufa uwe mfereji, na ukwangue pembeni mpaka ile ngozi iliyopauka iishe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ngozi iliyochomwa na jua haiungani na kitu, hata uitie joto namna gani.

Pasha mfereji moto mpaka uso wake ung'ae, huku ukiyeyusha ukanda wa plastiki ndani yake. Poliethilini ya matangi huyeyuka kwenye nyuzi 120 na kidogo za Selsiasi. Ikianza kutoa moshi umeshapita kiasi. Wengi hutumia kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia. Kinashika, lakini plastiki yake ni ngumu zaidi, na ufa mpya huweza kuzuka kando ya kiraka. Afadhali kipande cha tangi bovu la aina hiyohiyo. Kama una shaka, choma chembe yake: poliethilini hunuka kama mshumaa unapozimwa, na kipande chake huelea majini. Ufa ukiwa mrefu, zamisha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu upande wa nje, uufunike wote. Acha upoe wenyewe, usiumwagie maji. Na fundi asiingie ndani ya tangi na moto.

Kabla ya kujaza tena, angalia kitako. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake ni tani moja. Likikalia mbao zenye nafasi au kokoto moja iliyochongoka, litapasuka palepale.

Sasa jua. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na miale ya jua hukatakata minyororo ya plastiki kimyakimya. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, tangi limeanza kuliwa. Masizi yaliyochanganywa katika matangi meusi huchelewesha uharibifu huo. Matangi yanayopenyeza mwanga yana hasara mbili, kwani humo mwani pia huota.

Rangi hubanduka, kwa hiyo kinga ya kweli ni kivuli. Mwezi Juni jua letu la mchana huja kutoka kaskazini, Desemba kutoka kusini. Kibanda cha mabati kinachokinga upande mmoja kinafanya kazi nusu mwaka. Acha nafasi ya hewa kati ya bati na tangi. Najua Kibera nafasi ni finyu na matangi mengi yako juu ya vyuma, lakini bati la juu na magunia yaliyoning'inizwa pande hizo mbili hayahitaji ardhi hata futi moja.

Napendekeza kila karakana iweke gunia la vipande vya matangi mabovu, vilivyotengwa kwa aina, na mwenye ploti akubali gharama ya kivuli pamoja na ya kiraka katika makubaliano yaleyale.